Kilo Mbili za Pasaka

Tangu mwenzetu mmoja arudi na mzani wa dijitali baada ya likizo ya Krismasi, korido yetu ya hosteli ina foleni mbili kila asubuhi: foleni ya bafu na foleni ya mzani. Ya bafu ina kelele. Ya mzani ina ukimya wa chumba cha mtihani. Mtu anavua sweta, anavua soksi, wengine wanavua hadi hereni. Anapanda, anatoa pumzi yote kama vile pumzi nayo ina kilo zake, halafu anatazama chini. Namba atakayoiona pale ndiyo itakayoamua kama leo anakunywa uji au hanywi, kama atatusalimia au atatununia, na kuna siku inaamua kama anakwenda lekcha au anarudi kujifunika blanketi.

Nayaandika haya kwa ajili ya wote waliomo kwenye foleni hiyo. Na wavulana pia, maana nasikia bweni lao lina mzani wao ambao kila mtu anaapa hautumii.

Mimi sikuingia kwenye foleni kwa ajili ya nguo. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, siku ya upimaji wa afya wa bure hapa chuoni, mashine ya presha ilionyesha 148 kwa 94. Nesi akanikalisha kwenye benchi dakika kumi, akapima tena, akahamia mkono wa pili. Ni yale yale. Nina miaka 22. Mama yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 46, alfajiri, akiwa anawasha moto wa kuni, na mkono wake wa kulia mpaka leo haushiki jembe. Kwa hiyo niliposikia zile namba sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Daktari niliyeelekezwa kwake hakunitisha. Alirudia kipimo siku nyingine mbili ili ajiridhishe, akaniambia nipunguze chumvi, nitembee kila siku, nishushe kilo nane taratibu, halafu nirudi baada ya Pasaka. Akaniambia kwa wastani kila kilo anayoipunguza mtu mwenye uzito uliozidi hushusha presha ya juu kwa pointi moja hivi. Hesabu hiyo niliishika. Nilianza Januari nikiwa na kilo 84.6, daftari moja la kurasa arobaini, na yule mzani wa korido.

Mpaka Alhamisi Kuu nilikuwa nimefika 79.4. Kwaresima ilinisaidia, nisiwe mnafiki: ukiwa umefunga kwa ajili ya Mungu, kuruka chipsi mayai za jioni kunakuwa rahisi kidogo. Nikapanda gari kwenda nyumbani, kijijini upande wa Laela, kwa siku nne.

Watu wa Ufipa mnaijua Pasaka ya kwetu. Mnatoka kwenye mkesha kanisani usiku wa manane, baridi inang'ata masikio, na nyumbani moto umeshakokwa. Jumapili ni wali na kuku. Jumatatu ni mbuzi. Katikati hapo kuna ugali, maharage, dagaa wa Ziwa Tanganyika waliokaangwa na nyanya, na samaki wa chumvi ambaye shangazi alimleta kutoka bondeni, upande wa Muze. Na kwa kuwa ni msimu wake, kuna mahindi mabichi ya kuchemsha, kila mtu na chumvi yake mkononi. Sikula kama mtu aliyefungiwa, ila nilikula. Mama alikuwa ananitazama. Kwa mkono wake mmoja alikuwa anasogeza sahani kwangu, na mimi sina ujasiri wa kuirudisha sahani inayosogezwa na mkono ule.

Nilirudi mjini Jumatatu jioni kwenye Hiace, tumebanana wanne kwenye kiti cha watatu. Jumanne asubuhi mzani ukaonyesha 81.5.

Kilo mbili na gramu mia moja. Kwa siku tano. Mwenzangu wa chumba, mtoto wa Dar, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akachungulia. "Shoga, huu mji wenu unaitwaje? Sumba-wanga. Tupa wanga. Sasa wewe umeenda kuula!" Korido nzima ikacheka. Kwa wageni wa mkoa huu: wazee husema jina la mji ni la Kifipa na maana yake ni tupa uchawi, wanga wakiwa ni wachawi wenyewe. Yeye alimaanisha ule wanga wa kwenye ugali. Utani ulikuwa mzuri na nilicheka na mimi. Lakini nilirudi chumbani na daftari langu, nikakaa kitandani, nikafanya hesabu kabla sijafanya kitu kingine chochote.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Ili nipate kilo mbili za mafuta mapya, ilibidi nile kalori 15,400 juu ya zile ambazo mwili wangu unazitumia kwa kawaida. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama kalori 360. Gawanya. Unapata kilo nne na robo za unga mkavu, yaani zaidi ya kilo kumi za ugali uliopikwa, ambao ningetakiwa niumalize ndani ya siku nne baada ya kuwa nimeshashiba chakula changu cha kawaida. Hata Pasaka ya kwetu haifiki huko. Inawezekana kabisa niliongeza mafuta ya gramu mia mbili au mia tatu. Hiyo naikubali. Ile kilo na zaidi ya mia saba iliyobaki ilikuwa ni kitu kingine, na kitu hicho karibu chote ni maji.

Mtu wa kwanza kunionyesha jambo hili ni mjomba wangu, na hajawahi kupanda mzani wa kupima watu maisha yake yote. Yeye anapima mahindi.

Mwezi wa sita mjomba akishavuna anajaza magunia, anapima, anaandika. Kisha anayamwaga yote kwenye turubai, yanakaa juani, yanageuzwa, yanaanuliwa jioni kwa sababu ya umande. Baadaye anapima tena, na kila mwaka namba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20 ukilikausha mpaka asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa mahindi ya kuhifadhi, linabaki na kilo 92 na nusu. Kilo saba na nusu zimeondoka na hakuna mwizi aliyeingia ghalani. Wanunuzi wakubwa hawaangalii mzani peke yake. Pale kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wanapima na unyevu, kwa sababu hawataki kuuziwa maji kwa bei ya mahindi. Mjomba akiwa hana kipimo anatumia chupa kavu. Anatia punje, anatia chumvi kavu, anatikisa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Chumvi ikibaki inacheza chini, mahindi yako tayari.

Nilikumbuka ile chupa nikiwa pale kitandani. Chumvi na maji haviachani. Ukila samaki wa chumvi na dagaa na mahindi ya kuchovya kwenye chumvi siku tatu mfululizo, mwili hauwezi kuiacha ile chumvi izidi makali kwenye damu. Unakupa kiu, unakunywa, na unayashikilia maji yale mpaka figo zipate nafasi ya kuitoa chumvi taratibu, siku mbili, tatu, hata nne. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Pasaka yangu sikuipima kwa kijiko, ila pete ya shangazi niliyokuwa nimeivaa iligoma kutoka kidoleni tangu Jumapili usiku.

Halafu kuna huo wanga wenyewe. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli, inaitwa glaikojeni, kama gramu mia nne hadi mia tano hivi kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo inakaa na maji yake, takriban gramu tatu. Kati ya ghala tupu na ghala lililojaa kuna karibu kilo mbili, na hakuna hata punje ya mafuta humo. Ndiyo maana mtu akianza kujinyima ugali wiki ya kwanza anashuka kilo tatu na kutangaza kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na wiki ya nne, akiwa anajinyima vile vile, hashuki kitu na anaanza kusema mwili wake ni mgumu. Ya wiki ya kwanza yalikuwa maji. Mimi nilitoka Kwaresima na ghala likiwa nusu, nikalijaza kwa wali wa Jumapili. Mzani ukaniandikia deni lote.

Ongeza na kilichokuwa bado tumboni. Maharage na ugali vina makapi, na safari ya Hiace haimsaidii mtu kwenda chooni. Lita moja ya maji ni kilo moja, bakuli kubwa la uji ni nusu kilo, na mzani hauulizi kama kitu kimeingia mwilini kukaa au kinapita.

Wasichana, na hili tuliseme wazi kwa sababu kwenye korido linasemwa kwa kunong'ona. Siku chache kabla ya hedhi wengi wetu tunashika maji. Kilo moja, wengine mbili, matiti yanauma, suruali inabana kiunoni, na mzani unapanda hata kama wiki nzima umekula mchicha. Hedhi ikianza, ndani ya siku chache vinaondoka. Kwenye daftari langu siku hizo nimeziwekea nukta nyekundu, na nukta zile zinakaa juu ya vilima vya namba kila mwezi, Februari, Machi, Aprili, bila kukosa. Msichana anayejipima mara moja kwa mwezi anaweza kulinganisha namba ya siku yake nyepesi na ya siku yake nzito, akalia kwa kitu ambacho hakipo.

Na mazoezi nayo yanadanganya. Jumamosi moja mwezi wa pili tulipanda milima ya Mbizi, kundi la watu kumi na wawili, kwenda na kurudi kwa miguu. Jumatatu yake mapaja yalikuwa yanauma kiasi kwamba ngazi za maktaba nilizishuka kinyumenyume, na nilikuwa nimeongezeka gramu mia nane. Misuli isiyozoea kazi ikichoka inavuta maji kujikarabati. Wenzangu wawili waliacha kutembea kuanzia hapo, wakisema mazoezi yanawanenepesha.

Nguo sizihesabu kama sababu, ila tuseme ukweli, huu ni mji ulio kwenye mwinuko wa kama mita 1,800. Mwezi wa saba hapa hakuna mtu anayejipima na fulana moja. Sweta langu pekee lina gramu mia saba. Nilijua kwa kulipima.

Sasa kwa nini nalishikia bango jambo hili? Kama ni maji tu, si yaje na yaende? Ni kwa sababu ya kile ambacho watu wanakifanya siku mzani ukipanda.

Mwenzangu wa chumba, huyo huyo aliyenitania, ameniruhusu niandike. Wiki mbili kabla ya harusi ya dada yake alikuwa amepanda kilo moja na nusu, siku tatu kabla ya hedhi. Nguo ya sare ilikuwa imeshashonwa. Akanunua sokoni majani ya kukata tumbo, yale yenye sanamaki ndani, akanywa kikombe asubuhi na kikombe usiku, akaacha kula isipokuwa tango na chai ya rangi. Kwa siku nne alishuka kilo mbili na nusu. Kila asubuhi alikuwa anaimba kwenye korido. Asubuhi ya tano alianguka kwenye ngazi akiwa ameshika ndoo. Tulimbeba watatu mpaka zahanati, midomo imekauka kama mtu mwenye kipindupindu, moyo unakwenda mbio, miguu imekakamaa. Waliomhudumia walimwekea dripu, na yule tabibu akamweleza bila kumgombeza kwamba sanamaki haigusi mafuta. Inachofanya ni kumharisha, na anachokiharisha ni maji na madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Siku mbili baadaye alijipima. Zilikuwa zimerudi zote, pamoja na gramu mia mbili za ziada. Kwenye harusi alivaa gauni ikiwa zipu imeongezewa kitambaa, na kwa taarifa yenu alipendeza kuliko bibi harusi. Hilo la mwisho ameniambia niliandike.

Yule aliponea chupuchupu. Lakini wengi zaidi hawaanguki kwenye ngazi, wanaacha tu. Anaona kilo mbili, anasema miezi mitatu yangu imeenda na maji, basi na iende yote, na jioni hiyo anaagiza chipsi mayai mbili. Hizo chipsi za kukata tamaa, wiki baada ya wiki, ndizo zinazoleta mafuta ya kweli. Mimi nilikuwa na sababu kubwa ya kutokufika huko, na sababu hiyo ilikuwa inasogeza sahani kwa mkono mmoja.

Kuna aibu fulani, lazima niikiri, ya kukaa Rukwa na kuandika kurasa hizi kuhusu kupunguza kilo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika mkoa huu wamedumaa, na huu ni mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi. Nyumbani mtu akikonda hapongezwi. Bibi yangu aliponiona Pasaka alinishika taya kwa vidole viwili akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, umepima?" Hakumaanisha kilo. Kizazi chake kiliwaona vijana wakikonda miaka ya tisini na kuzikwa. Kule Uganda ugonjwa wenyewe uliwahi kuitwa "slim". Ilibidi nikae naye nje, juani, nimweleze habari ya presha na ya mama mpaka aelewe. Akaniambia zamani hakuna aliyekuwa na haja ya kujikondesha: mkilima matuta ya ntumba mvua zikiwa zinanyesha na ghala limebaki nusu, wote mnakonda, na mkivuna wote mnarudi. "Mwili unakwenda na msimu," alisema. Kwa maneno yake, uzito usiobadilika ndio ungekuwa ajabu.

Na mama zetu hao hao wanajua kusoma mzani kuliko sisi wenye simu za laini mbili. Nenda kliniki yoyote ya mama na mtoto siku ya kupima. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani wa ndoano, analia, nesi anaweka nukta kwenye kadi, anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita na ya mwezi wa juzi, na anautazama mstari. Mstari unaelekea wapi, ndicho anachouliza. Mtoto aliyekojoa kabla ya kupimwa na mtoto aliyenyonya kabla ya kupimwa hawachanganyi nesi mwenye uzoefu, kwa sababu hasomi nukta moja. Mama asiyejua kusoma barua anajua kwamba mstari ukipanda ni heri na ukilala ni maswali. Kisha mtoto yule yule anakua, anafaulu, anakuja chuo, anapanda mzani Jumanne moja na kudhani maisha yake yote yameandikwa pale.

Nilichofanya mimi ni kujitengenezea kadi ya kliniki. Najipima kila asubuhi nikishatoka chooni, kabla ya chai, na kanga ile ile, mzani ukiwa kwenye sakafu ya saruji na siyo kwenye zulia. Naandika bila kuitafakari. Jumatatu najumlisha namba saba, nagawanya kwa saba, na wastani huo ndio ninaoulinganisha na wa Jumatatu iliyopita. Anayeona kujipima kila siku kunamvuruga akili ajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, au aachane kabisa na mzani na apime kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Wapo ambao mzani ni sumu kwao na sitawashawishi.

Wiki iliyofuata Pasaka daftari linasoma hivi, kuanzia Jumanne: 81.5, 81.1, 80.6, 80.2, 79.8, 79.5, 79.3. Sikufunga, sikunywa majani ya mtu. Nilirudi kwenye chakula changu cha kila siku: ugali wa kiasi cha ngumi yangu, maharage mengi, mboga za majani zenye chumvi ndogo, na kutembea kila jioni nusu saa. Wastani wa wiki hiyo ulikuwa 80.3, ilhali wa wiki ya kabla ya Pasaka ulikuwa 79.7, kwa hiyo hata wastani ulipanda kidogo na ulikuwa na haki ya kupanda. Wiki ya pili ulikuwa 79.1. Kutoka 84.6 ya Januari hiyo ni kilo tano na nusu kwa wiki kumi na nne, chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki, mwendo wa kobe ambao wataalamu ndio wanaoupenda.

Niongeze la tahadhari, kwa sababu kuna maji yasiyo ya kuchekewa. Uzito ukipanda haraka na miguu imevimba kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, au ukikosa pumzi ukilala chali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa moyo au figo. Mjamzito akivimba uso na mikono ghafla, huku kichwa kinauma au macho yanaona ukungu, asisubiri kesho. Na upande wa pili, ukikonda bila kukusudia, unakohoa wiki mbili au unakojoa na kunywa maji usiku kucha, usisherehekee. Nenda kapime kifua kikuu na sukari.

Mwishoni mwa mwezi wa nne nilirudi kwa daktari kama alivyosema. Nilikuwa na daftari kwenye begi na nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za Pasaka, mbuzi na yote. Hakuuliza. Alifunga ule mfuko wa presha mkononi, tukakaa kimya, mashine ikapumua. 136 kwa 86. Akapima tena, 134 kwa 86. Akaandika kwenye kadi, akasema bado haijafika anapotaka, niendelee hivyo hivyo na nirudi mwezi wa saba.

Jioni nilimpigia mama. Nikamwambia, mama, ni 136.

"Kilo?" akauliza, na sauti ilikuwa na hofu kweli kweli.

Nikamwambia hapana, mama, ni presha, kilo ni 79. Akanyamaza. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni. Kisha akauliza kama chuo kitafungwa kabla ya mahindi kuanza kupukuchuliwa, kwa sababu mjomba anatafuta watu. Nikamwambia nitakuwepo.